Kila Droo Ilisema Nne

Tarehe 2 Juni

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama ungekuwa umeandika, basi naipokea shikamoo yako kabla hujaitoa, isije ikapotea njiani.

Wiki ya tatu hii sijaona bahasha yako. Yule wa posta kila akiingia mtaani na baiskeli yake namsimamisha, na siku hizi akiniona mlangoni ananitikisia kichwa angali mbali, ili nisijisumbue kuinuka. Mama Pacha wa nyumba ya pili ananiambia, "Si umpigie simu mwanao, mama wewe, unajitesa bure." Nimpigie nisikie nini? Masikio yangu unayajua. Miaka ishirini na miwili kiwandani, cherehani mia zikilia kwa pamoja, nilichobakiza ni mvumo tu. Mara ya mwisho uliponipigia nilikaa naitikia "vizuri, vizuri, hayo ndiyo mambo," kumbe unaniambia unaumwa jino. Barua haimumunyi maneno. Ukiona hujaelewa unairudia, na haikuchoki.

Mimi mzima. Macho ndiyo hayo hayo, ya karibu yananisumbua, ya mbali hayana neno. Kwa hiyo nasoma barua zako kwa kile kioo cha kukuzia, herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua mchele. Usianze tena habari ya cherehani. Nakumbuka tulivyokubaliana mwaka jana niliposhonea kidole changu mwenyewe kwenye pindo la suruali. Ulisema siku nitakapoharibu nguo ya mtu, unakuja kuichukua cherehani, na mimi nahamia kwako nikakae kwenye kiti natazama ukuta. Nilikubali kwa sababu ulikuwa unalia. Siku hiyo haijafika. Hivi ninavyokuandikia nina gauni sita za wasichana wa kwaya ya shule, rangi ya bluu, kola nyeupe. Mwalimu wao alikuja mwenyewe hapa ndani, akakaa kwenye kile kiti kibovu bila kulalamika, akasema, "Mama, hizi sitaki zishikwe na fundi mwingine." Unaona. Kuna watu bado wananitaka.

Ninachotaka kujua ni kimoja tu. Unakula? Unalala? Kazi ikoje? Hivyo ni vitatu, lakini umenielewa.

Kaka yako anakusalimu. Hajasema hivyo, ila angesema kama angekuwa mtu wa kusema.

Ni mimi mama yako.


Tarehe 7 Juni

Mama,

Shikamoo ya pili, kama ya kwanza ulishaipokea.

Nisamehe kwa kimya. Sikuumwa wala sikukusahau. Nimechoka tu, na nilikuwa sitaki kukuandikia uchovu. Leo nimeona bora niuandike, maana huenda mwisho wa mwezi huu sina kazi, na sitaki ulisikie hilo kwa kaka.

Unakumbuka nilikuambia tunatengeneza vitanda vya joto vya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Kitanda ni chuma na kioo, hicho wamemaliza wenzangu. Mimi ndiye ninayekiandikia akili yake, programu inayokiambia kipashe joto kiasi gani na kipige kengele wakati gani. Watu wa hospitali wanakuja kukijaribu tarehe 17. Kikishindwa wanatupa nafasi moja tu nyingine. Na Fundi Mkuu amesema wazi mbele ya wote kwamba kikishindwa kwa sababu ya programu, mkataba wangu unaishia hapo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja saa.

Nitajaribu kukueleza tatizo, labda nikikueleza wewe nitalielewa mwenyewe.

Kuna faili la mipangilio. Lina mistari mitano. Wa kwanza jina la wodi, wa pili namba ya kitanda, wa tatu joto la chini kabisa, nyuzi 36, wa nne joto la juu kabisa, nyuzi 37, wa tano dakika ambazo kengele isubiri kabla ya kulia, dakika 4. Programu inausoma mstari mmoja, inaweka kinachohusika, inasoma unaofuata. Vyote vinawekwa kwenye kitu tunachokiita struct. Wewe fikiria kabati lenye droo tano, kila droo na jina lake. Zamani kila droo ilibeba kitu chenyewe, lakini kabati lilikuwa kubwa mno na mashine yetu ina nafasi ndogo. Kwa hiyo nikalibadilisha mimi mwenyewe. Sasa ndani ya droo hamna kitu, mna kijikaratasi tu kinachosema kitu kiko wapi. Kijikaratasi hicho kinaitwa pointa.

Sasa sikia maajabu. Nikiichungulia programu wakati inasoma, kila mstari unasomwa sawasawa. Wodi, sawa. Namba, sawa. Thelathini na sita, sawa. Ikimaliza nikafungua droo zote, kila droo inasema 4. Wodi inaitwa 4. Kitanda namba 4. Joto la juu kabisa nyuzi 4. Mashine inaona nyuzi 4 zimeshapita zamani, inazima hita, na yule mdoli wa mpira tunayemlaza humo kwa majaribio anapoa kama jiwe.

Wiki tatu sasa. Nimeandika upya faili lile mara tisa. Nimebadilisha hata mashine yenyewe nikidhani ni mbovu.

Usihangaike kunitafutia jibu. Niombee tu. Nafurahi kuhusu gauni.

Mwanao,
Kifungo


Tarehe 11 Juni

Mwanangu Kifungo,

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya kwanza sikuelewa, ya pili nililia kidogo, ya tatu nikampa Mama Pacha naye asome. Yeye anasema faili likichakaa ndiyo mambo huchanganyika humo ndani, kwamba pale ofisini alipokuwa akifagia walikuwa na mafaili yamelegea mgongo, karatasi za huyu zikawa zinaangukia kwa yule. Anasema ununue jipya, lile gumu lenye chuma. Nikamwambia hili ni faili la kompyuta, halina mgongo. Akanitazama. Akasema, "Basi kama halina mgongo litasimamaje?" Nimeona nikuandikie ucheke. Mtu akicheka hata shingo inalegea.

Ya nne niliisoma peke yangu, mezani, polepole.

Mimi mambo ya struct siyajui, mwanangu. Darasa la nne nililiacha katikati, hilo unalijua. Ningekudanganya nikisema nina la kukushauri. Ila ninakujua wewe. Ulipokuwa na miaka mitatu ulimeza kifungo cha koti la baba yako, ukakaa nacho tumboni siku mbili bila kumwambia mtu, ukila na kucheka, mpaka kikatoka chenyewe ndipo ukasema, "Mama, kifungo nilikijua kiko wapi." Ndiyo maana mpaka leo hakuna anayekuita jina lako. Kwa hiyo nauliza, je, umemwonyesha mtu mwingine hilo kabati lako? Huyo mwenzako wa meza ya pili, uliyesema ni mpole, yeye anasemaje?

Gauni zimekwisha. Mwalimu alikuja juzi, tarehe 9, akazichukua.

Hapa mvua hakuna, vumbi tupu. Kaka yako amebadilisha bati moja upande wa jikoni. Alikaa juu ya paa kutwa nzima kwa bati moja, nikadhani amehamia huko.

Kula, mwanangu. Hata kama hutaki, kula kidogo, simama, halafu urudi tena kwenye hiyo mashine.

Nilitaka kukuandikia na jambo jingine lakini karatasi imekwisha.

Mama yako


Tarehe 18 Juni

Mama,

Shikamoo.

Kimeshindwa. Walikuja jana watu watatu wa hospitali, daktari mmoja na wauguzi wawili. Niliwaomba wenzangu tuandike zile namba kwa mkono ndani ya programu ili siku ipite, Fundi Mkuu akakataa. Akasema, "Kila wodi ina joto lake, tutaenda kuandika kwa mkono kila hospitali?" Alisema kweli. Tukakiwasha. Hita ikazima. Yule muuguzi mkubwa, mwanamke wa rika lako, alitia mkono ndani akamshika mdoli mguu, akaacha mkono wake pale kwa muda mrefu. Kisha akaniambia bila hasira yoyote, "Binti, huyu angeshakufa." Afadhali angenitukana.

Watarudi tarehe 25. Ndiyo ya mwisho.

Uliniuliza kuhusu mwenzangu wa meza ya pili. Ameuliza mara mbili kama nataka aangalie. Nimemwambia nimeshakaribia. Mama, mimi ndiye niliyelibadilisha lile kabati, na nilijisifu mbele yao wote kwamba nimelipunguza likawa nusu. Nitamwambiaje kwamba silielewi?

Nimeacha hata kuhesabu siku. Naenda kazini, nakaa, nafungua, kila droo inasema 4. Jana nikiwa dukani muuzaji aliniuliza nataka mikate mingapi, nikamwambia minne. Naishi peke yangu.

Sijui kama nitakuandikia kabla ya tarehe 25. Usiwe na wasiwasi ukiona kimya. Najua nikisema hivyo ndiyo nimeuleta.

Mwanao,
Kifungo


Tarehe 22 Juni

Mwanangu,

Barua yako imefika leo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi juu ya cherehani, nataka niwahi posta kabla hawajafunga. Utasamehe mwandiko.

Zile gauni za kwaya niliziharibu. Zote sita.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa, nakueleza yote, hata panaponiumiza, maana nadhani ndipo penye jambo lako.

Wewe unajua kitabu changu cha vipimo, kila mteja na ukurasa wake. Mwaka huu macho yamekataa zile namba ndogo. Nikamwambia kaka yako anitundikie ubao mweusi ukutani, karibu na mlango, nikawa namwandika mteja ubaoni kwa chaki, namba kubwa kubwa kama za dukani. Kitabuni naandika jina lake, halafu chini yake, badala ya namba, naandika maneno mawili: tazama ubao. Niliona nimepata akili. Na kwa muda mrefu haikuwa na kosa, kwa sababu wateja wenyewe ni wa kuokoteza, leo mmoja, keshokutwa mmoja. Nampima, naandika ubaoni, nakata kitambaa chake hapo hapo, ndipo nafuta. Akija mwingine ubao ni wake.

Wale wasichana walikuja sita kwa wakati mmoja, wakitoka shule, mwalimu wao akiwaharakisha. Nikampima wa kwanza. Yule ni mnene, ana mabega kama ya mpagazi, na mcheshi kweli, kila nikimzungushia futi kiunoni anasema, "Mama, vuta pumzi wewe, mimi nimeshavuta." Nikamwandika ubaoni. Kitabuni jina lake, tazama ubao. Nikafuta, nikampima wa pili, nikaandika ubaoni. Kitabuni, tazama ubao. Nikafuta. Hivyo hivyo mpaka wa sita, kadogo, kembamba, kifua hakijaanza. Wakaondoka.

Asubuhi yake nikakaa kukata. Nafungua kitabu, msichana wa kwanza, tazama ubao. Nageuka, natazama, naona namba. Nakata. Wa pili, tazama ubao. Nageuka. Mwanangu, mara sita nilisoma na mara sita niligeuka, na mara sita nikaona namba zile zile za kale kadogo, na wala sikushtuka. Nilijisemea, siku hizi mabinti wanalingana. Nilikuwa nimechoka, mikono inafanya kazi yenyewe na kichwa kiko kwako.

Mwalimu alikuja na wasichana wake tarehe 9 wajaribu. Yule mcheshi aliingiza kichwa, gauni likagoma mabegani. Akasimama hivyo mikono juu, kichwa kimefunikwa, hakutania tena. Mwalimu hakunisema. Alizikunja zote sita vizuri, akazitia kwenye mfuko aliokuja nao, akasema, "Ahsante mama, tutavaa za mwaka jana." Kule kuzikunja taratibu ndiko kulikonimaliza.

Sasa nakuuliza, na kama ni upuuzi wa mtu wa darasa la nne utaniambia. Umesema kwenye droo zako hamna kitu, mna kijikaratasi kinachosema kitu kiko wapi. Hivyo vikaratasi vitano vinamwelekeza mtu wapi? Hiyo mashine yako ikisoma mstari inauandika wapi kabla ya kusoma mwingine? Isije ikawa ina ubao mmoja tu, nayo inafuta. Namba zako hazikusomwa vibaya, kama vile mimi sikupima vibaya. Nilipima sawa kila msichana. Kosa ni kwamba sikuhamishia namba za kila mmoja kwenye ukurasa wake kabla ya kufuta, na kitabu kizima kikawa kinatazama ukuta mmoja.

Nilifikiria kumwomba Mama Pacha akupigie simu akusomee haya. Lakini jambo likipita kwake linafika mtaa wa tatu kabla halijafika kwako, na hapa hakuna anayejua kuhusu gauni ila mwalimu na wasichana wake. Posta watalileta upesi.

Kuhusu cherehani tutaongea baadaye. Neno langu nalikumbuka.

Mama


Tarehe 27 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana asubuhi, tarehe 26. Majaribio yalikuwa juzi.

Yalishindwa. Nyuzi 4, hita ikazima, kama kawaida. Yule muuguzi mkubwa safari hii hakuingiza mkono. Fundi Mkuu aliniita baadaye, akasema nikabidhi kazi kwa mwenzangu wa meza ya pili mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo jana nilikuwa nakusanya vitu vyangu wakati mlinzi aliponiletea bahasha. Niliisoma pale pale, nimekaa juu ya sanduku. Nilipofika kwa msichana wa pili, pale uliposema "nikafuta", nikasimama.

Ni hivyo hivyo, mama. Mashine ina sehemu moja inapoandika mstari inaousoma. Nikawa naiambia kila droo, kitu chako kiko pale. Halafu inasoma mstari unaofuata na kuuandika pale pale juu ya ule wa kwanza. Droo zote tano zilikuwa zinatazama ubao mmoja, na ubaoni kumebaki mstari wa mwisho. Ndiyo maana kila nilipochungulia katikati niliona sawa. Nilikuwa nachungulia kabla haijafuta.

Nikawasha kompyuta ambayo nilishaambiwa si yangu. Nikaongeza maneno machache tu: kabla ya kwenda mstari unaofuata, nakili kilichopo, kiweke mahali pake chenyewe, na kijikaratasi kielekeze huko. Ilichukua muda wa kunywa chai. Nikaiendesha. Wodi ikasema jina la wodi. Kitanda kikasema namba yake. Thelathini na sita. Thelathini na saba. Nne. Nikakaa nazitazama. Sikufurahi jinsi nilivyodhani nitafurahi. Nilikuwa kama mtu aliyefika stendi akaona vumbi la basi.

Nilimwonyesha mwenzangu. Akatazama, akasema pole pole, "Dada, hili ningeliona." Sidhani alitaka kunichoma. Nikamkabidhi. Fundi Mkuu naye alikuja, akatia mkono kitandani, akaona kuna joto, akasema, "Haya." Akaniuliza nani amelipata kosa. Nikamwambia fundi cherehani mmoja. Akadhani namtania, akaondoka. Mkataba haukurudi. Alisema watu wa hospitali wamekubali kutuongezea nafasi kwa kuwa wamepewa jina la mtu mwingine, na hawezi kuwa anabadilisha kila siku.

Lakini vitanda vitakwenda. Mwenzangu anavipeleka wiki ijayo, naye atawaeleza kilichotokea.

Pole kwa gauni. Pole sana. Nimeisoma ile sehemu ya mwalimu akizikunja nikaona aibu, maana mimi ndiye niliyekufanya uogope kuniambia.

Mwanao,
Kifungo


Tarehe 1 Julai

Mwanangu Kifungo,

Nimekaa na barua yako tangu jana. Nimeiweka chini, nimeosha vyombo, nimeirudia. Kuna kitu hujaniuliza, na kwa jinsi ninavyokujua hutauliza. Nitakijibu.

Nilijua siku ile ya kwanza. Barua yako ya tarehe 7, ile ya kabati, nilipoisoma mara ya nne peke yangu mezani, nilipofika pale unaposema kila droo inasema 4, nilisimamisha kioo changu hapo hapo. Mwalimu alikuwa ametoka na zile gauni juzi yake tu. Nikasema, hii mbona ni yangu. Nikachukua karatasi nikuandikie. Halafu nikatazama cherehani. Nikajiambia, ukimwambia haya, mama wewe, wiki ijayo anakuja na gari kuichukua, na wewe unakwenda kutazama ukuta. Nikajiambia tena, na huenda ni ujinga wako tu, mambo ya kompyuta na chaki wapi na wapi, yeye ni msomi ataliona mwenyewe. Uongo niliuvalisha nguo nzuri ukapendeza. Nikakuandikia habari ya bati la jikoni.

Karatasi haikuwa imekwisha.

Ningetuma siku ile, tarehe 11, ungeipata tarehe 15 au 16, kabla ya watu wa hospitali kuja hata mara ya kwanza. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Na hata ile ya tarehe 22, ningempa Mama Pacha simu ungeyajua siku ile ile. Mara mbili nilikuwa na kazi yako mkononi, na mara mbili nikachagua jina langu la ufundi. Mtu anasema mimi ni mama, nitajikata mkono kwa ajili ya mwanangu. Kumbe hakuna aliyeniomba mkono. Niliombwa kusema tu kwamba nimezeeka.

Sikuombi unisamehe leo. Nimechoka kuficha, ndiyo sababu nimeandika.

Ubao nimeuteremsha. Cherehani nimeifunika kwa shuka. Nilikwenda shuleni kwa mwalimu nikamwambia yote, akanisikiliza hadi mwisho, akanipa kiti. Kaka yako nimemwambia pia. Akasema, "Nilidhani." Nusu mwaka hajasema neno refu kama hilo.

Ukitaka kuja, mlango unaujua. Usipotaka, niandikie hata mstari mmoja nijue unakula.

Mama


Tarehe 5 Julai

Mama,

Shikamoo.

Nilishajua. Uliandika mwenyewe kwamba mwalimu alizichukua tarehe 9, na barua ya bati ni ya tarehe 11. Nilihesabu siku ile ile niliyopata kosa, nilipokaa tena juu ya sanduku. Nikakasirika. Ile barua yangu ya tarehe 27 niliiandika kwa hasira, niliikunja vizuri tu usiione. Siku mbili nilikuwa hivyo. Siku ya tatu nikaona hasira nayo inataka nguvu, na mimi sina.

Halafu nikamkumbuka mwenzangu wa meza ya pili. Alikaa hatua tatu kutoka kwangu wiki zote zile, aliuliza mara mbili, nami nikamwambia nimekaribia. Yeye hahitaji posta. Kwa hiyo sijui nikulaumu wewe kwa siku ngapi na mimi kwa ngapi, na sitaki kuzigawa.

Vitanda vimefika na vimefaulu majaribio. Aliniandikia jana. Viwili vimeshapata watoto. Anasema yule muuguzi mkubwa alisimama karibu na cha kwanza mpaka zamu yake ikaisha, mkono ndani.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usije stendi, na masikio yako hayo kati ya magari sitatulia njia nzima. Cherehani iache ilipo, sijaja na gari wala sina nguvu za kuibeba. Shuka liondoe ukitaka. Hayo tutayazungumza nikiamka.

Nakuja kulala, mama. Ukiniona nimelala mchana, usiniamshe kuniuliza kama nimelala.

Kifungo